Picha ya Mlima Grákolla (9): Kondoo Kwanza, Kahawa Baadaye

Mkono mmoja umeshika mkanda wa kamera. Mkono wa pili haushiki kitu. Chini ni giza. Juu ni wateja wanne waliosimama ukingoni mwa ufa wa barafu, na wote wanne, Mungu awasamehe, wanapiga picha.

Hapo ndipo tulipomwacha Úlfar Hafsteinsson Jumamosi iliyopita, akining'inia kwenye shimo ambalo mimi mwandishi wenu nililieleza kuwa halina mwisho.

"Baba!" Dagný alipaza sauti. "Achia!"

"Unasemaje?"

"Achia mkanda!"

Úlfar alifumba macho. Ana miaka hamsini na tatu, ndiye mwongoza wapiga picha anayejulikana kuliko wote huku Iceland ya kusini, na mtoto wake wa pekee anamwambia afe. Aliwaza jinsi sura yake itakavyotoka gazetini. Akakumbuka kwamba picha waliyonayo gazetini ni ile ya zamani, aliyotoka amenenepa. Kisha vidole vikaisha nguvu, akaachia.

Alianguka kimo cha shubiri moja.

Shimo lilikuwa na mwisho. Mwisho wake ulikuwa chini kidogo tu ya soli za viatu vyake, na ulikuwa wa tope la barafu lililomfika magotini. Naomba radhi kwa wasomaji wote, hasa yule mama aliyeniandikia kwamba hakupata usingizi wiki nzima. Nilipoandika "lisilo na mwisho" nilikuwa sijaenda kulitazama.

"Dakika tano!" alisema Dagný huku kicheko kinamkaba. "Dakika tano unaning'inia, mimi nakuambia achia, achia, wewe unamwita marehemu bibi!"

"Nilikuwa nawaonyesha wateja hali ya hatari ilivyo."

"Wamekuona, baba. Wana ushahidi."

Walimvuta juu kwa kamba. Kiatu cha kushoto kilikataa kuja, kikabaki na tope. Úlfar akatokea juani kwa mguu mmoja wa kiatu na mguu mmoja wa soksi ya sufu, akajaribu kusimama kama mtu aliyepanga iwe hivyo.

Wateja wenyewe ndio hawa. Benedikta, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Akureyri, mwanamke mwembamba anayemtazama kila mtu kana kwamba amechelewa kuingia darasani. Joost, mfamasia kutoka Ubelgiji, mwenye kamera tatu na hofu kumi. Na bwana na bibi harusi waliokuja fungate, ambao kwa siku tatu walikuwa hawajapiga picha ya mlima hata mmoja, walipigana picha wenyewe kwa wenyewe tu, milima ikawa inapita nyuma ya vichwa vyao.

"Úlfar," alisema Benedikta, "unanuka."

"Ni jasho la kazi."

"Siyo jasho. Mayai viza."

Dagný aliacha kucheka. Akainama, akainusa suruali ya baba yake palepale mbele ya watu. Alipoinua uso, rangi ilikuwa imemtoka.

"Baba. Haya si maji ya barafu iliyoyeyushwa na jua."

Úlfar naye akanusa, na safari hii hakupata neno la mzaha. Chini ya barafu ya Grákolla kuna mlima wa moto uliolala. Ukijigeuza usingizini, unayeyusha barafu kwa ndani, na maji yanajikusanya mle gizani siku nyingi bila mtu kujua. Siku yakipata mlango, hayabishi hodi. Na yanapotoka, yanatoka na harufu ile.

Simu sita zililia kwa pamoja mifukoni. Ujumbe ulikuwa mmoja: MAFURIKO YA BARAFU. ONDOKENI BONDE LA MTO GRUGGÁ SASA HIVI.

"Stendi yangu ya kamera!" alisema Joost. "Nimeiacha kule kwenye jiwe."

"Iache," alisema Benedikta.

"Ni ya kaboni!"

"Joost, utabebwa na maji ukiwa na kaboni yako. Ingia garini."

Joost aliingia garini.

*

Dagný aliendesha. Úlfar alikaa kando yake, mguu wa soksi ukidondosha maji. Uwanda wa mchanga mweusi ulikuwa mtupu mbele yao, na upande wa kulia mto Gruggá, ambao asubuhi ulikuwa na rangi ya maziwa, sasa ulikuwa mweusi kama lami na umevimba.

"Hapa ndipo ulipoipiga ile picha?" Joost aliuliza kutoka nyuma. Mtu mwenye hofu huuliza lolote.

"Karibu na hapa," alisema Úlfar.

Mnaijua picha yenyewe. Miaka kumi na moja iliyopita Grákolla ulilipuka, na kuna picha moja iliyopatikana siku ile: nguzo ya majivu imepanda hadi mbinguni, radi inaipasua katikati, na chini kabisa kuna paa dogo jekundu la ghala, limetulia kana kwamba hakuna kinachotokea. Ilishinda zawadi kubwa. Imetundikwa uwanja wa ndege. Imechapishwa kwenye maboksi ya chokoleti. Chini yake pameandikwa Úlfar Hafsteinsson, na jina hilo ndilo linalowaleta wageni tangu wakati huo.

"Ulilala kwenye majivu saa tatu nzima ukiingojea," alisema bibi harusi kwa sauti ya mahaba. "Nimesoma."

"Saa tatu," alisema Úlfar.

Alikuwa ameisimulia mara nyingi mno hata kuna siku mgongo ulimuuma kwelikweli kwa ajili ya saa zile tatu.

Hakulala popote. Siku ile hata kamera yake hakuifungua. Jambo hilo lilikuwa linajulikana na watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili, kwa hesabu zake, alikuwa mtu ambaye Úlfar alimkwepa miaka kumi na moja, hata kwenye maziko, hata kwenye duka la mbolea.

Dagný alikanyaga breki.

Daraja lilikuwa bado lipo. Walilitazama likiwa bado lipo. Kisha pande la barafu kubwa kama nyumba ya ghorofa likaja na maji, likagonga nguzo ya kati, na daraja likaondoka. Halikuvunjika kwa kelele. Liliinama tu, likaenda.

Hakuna aliyepiga picha.

"Baba," Dagný alisema polepole, "njia nyingine?"

"Hakuna."

"Ipo. Kuna ile ya kupanda Efra-Gil, shambani kwa Ketill."

"Hapana, hiyo haipitiki."

"Inapitika. Naiona."

"Ketill ana mbwa mkali."

Dagný alimgeukia baba yake. Nyuma ya gari maji yalikuwa yameanza kulamba alama za matairi yao.

"Mbwa," alisema.

"Mkali sana."

"Baba, unaogopa mbwa kuliko yale?" Akakata usukani, gari likapanda.

*

Mbwa wa Ketill alikuwa na umri wa miaka kumi na nne na macho hayaoni. Aliwapokea kwa kumlamba Joost mkono.

Ketill mwenyewe alikuwa amesimama uani na gambuti zake, mtu wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, sweta imetoboka kiwikoni. Aliwatazama wanavyoshuka mmoja mmoja. Alipomwona Úlfar, uso wake haukubadilika. Akautazama ule mguu wa soksi.

"Úlfar."

"Ketill."

"Umekuja."

"Daraja limeondoka."

"Nilijua hujaja kwa hiari." Akageuka kwa wengine. "Karibuni, watu wa Mungu. Kahawa iko jikoni na supu ya kondoo iko motoni. Lakini kondoo wenyewe wako kule malishoni, mia mbili na kumi, na maji yanakuja. Niko peke yangu na mbwa kipofu. Kondoo kwanza, kahawa baadaye."

"Tupange mstari," alisema Benedikta papo hapo, akikunja mikono ya koti. "Nani anaogopa kondoo?"

Joost aliinua mkono.

"Utasimama mwisho. Piga makofi wakikukaribia. Ninyi wawili, achianeni mikono, mmoja huku, mmoja kule. Twende!"

Walishuka wote hadi malisho ya chini. Kondoo walikuwa wameteremshwa milimani wiki mbili tu nyuma, wanene, wakaidi, hawajui kwa nini wasumbuliwe. Dagný alikimbia kuwazunguka kwa upande wa mto huku akipiga miluzi. Bwana harusi alianguka akainuka. Bibi harusi aligundulika kuwa na sauti ya kutisha, na kundi zima likaanza kugeuka kwa kumwogopa yeye.

Úlfar alipewa kazi ya kushika lango. Ni kazi anayopewa mtu asiyetakiwa popote. Dume moja lenye pembe lilipita chini ya mkono wake, likamnyanyua, likamchukua hatua kumi limembeba mgongoni, likamtupa mahali laini. Hapakuwa laini kwa sababu ya nyasi.

"Unaendelea vizuri!" Dagný alimpigia kelele kutoka mbali.

Kundi lilipanda. Mia mbili, na kitu. Maji yalikuwa yameshafika waya wa mwisho wa malisho, na sauti yake haikuwa sauti ya maji tena, ilikuwa ya mawe yakisagana.

Hapo ndipo Ketill alipoona jike mmoja mzee amenasa kwenye waya, maji yakimfika tumboni.

"Mwache!" Benedikta aliita.

Ketill hakumwacha. Aliingia. Alifika kwa kondoo, akainama na koleo, akakata waya wa kwanza. Kipande cha barafu, kidogo tu, ukubwa wa meza, kikaja upande asioutazama, kikampiga kiunoni. Ketill akatoweka.

Sasa hili nitalisema kama lilivyokuwa, kwa sababu mtu huyu nimemcheka majuma tisa. Úlfar alikimbia. Hakuuliza, hakutazama nani anamwona. Aliingia kwenye yale maji meusi kwa soksi yake na kiatu chake kimoja, yakamfika kifuani, baridi ikamkata pumzi, akapapasa chini, akashika manyoya mazito ya sufu, akajua ni sweta ya Ketill, akavuta kwa nguvu zote alizopewa.

"Nimekushika!" alilia. "Ketill, nimekushika, sikuachii! Nisamehe, ndugu yangu! Nisamehe!"

Kondoo jike alimkoholea usoni.

Ketill alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika nguzo ya ua, maji yakimtoka ndevuni.

"Mimi niko huku," alisema.

Halafu wimbi la pili likaja, likamchota Úlfar miguu, na mkono wa Ketill ukamkamata ukosi. Alivutwa kinyumenyume hadi nchi kavu kama gunia la viazi. Lakini kondoo hakumwachia. Alitoka naye.

Walilala kwenye nyasi watatu, wakihema. Malisho ya chini yalikuwa yamegeuka mto.

"Ulikuwa unaniomba msamaha wa nini?" Ketill aliuliza.

Úlfar alifunga macho. "Nilikuwa naongea na kondoo."

*

Jikoni kulikuwa na joto. Wote walikuwa wamevikwa nguo za Ketill, kwa hiyo wote walifanana na Ketill. Úlfar alipewa suruali ya kulalia iliyoishia juu ya vifundo. Supu ilipita mezani, samaki mkavu na siagi, na yale maandazi ya kusokotwa ambayo Ketill alisema amekuwa akiyakaanga mwenyewe tangu Ásdís, mkewe, afariki mwaka juzi.

"Sikuja mazikoni," alisema Úlfar.

"Niliona."

Hapo Dagný, aliyekuwa anatafuta kisu cha siagi, alisimama mbele ya ukuta wa kando ya kabati. Bibi harusi ndiye aliyesema.

"Jamani, tazameni! Hata hapa ipo!"

Ilikuwa ipo. Nguzo ya majivu, radi, paa jekundu. Ilikuwa imekatwa kwenye boksi la chokoleti na kuwekwa kwenye fremu nzuri ya mbao.

"Ásdís aliipenda," alisema Ketill. "Ghala letu lile."

"Utuambie tena, Úlfar," Joost aliomba. Kahawa ilikuwa imemrudishia roho. "Zile saa tatu kwenye majivu. Hapahapa palipotokea!"

Úlfar alitazama kikombe chake. Watu sita walikuwa wakimngojea. Maneno yenyewe yalikuwa yamejipanga tayari mdomoni, yamezoea: Nilijua ule mwanga wa radi ukija, utakuja mara moja tu. Alikuwa ameyasema mara elfu. Alifungua mdomo kuyasema mara ya elfu na moja, akamwona Ketill anakata mkate kwa utulivu, mkono wake una jeraha jipya la waya.

"Sikulala popote," alisema.

"Samahani?"

"Picha si yangu. Sikuipiga mimi."

Kijiko kimoja kiligonga bakuli, kikanyamaza.

"Tulikuja hapa siku ule mlima ulipolipuka, mimi na Dagný. Mimi na Ketill tulikuwa marafiki, tulinunua kamera za aina moja, duka moja, siku moja. Siku nzima nilikuwa nje na Ketill tunaswaga kondoo kwenye majivu, kifuniko cha lenzi yangu hakikutoka. Jioni nikachukua kamera iliyokuwa mezani, meza hii hii, nikaenda nayo. Nyumbani nikaifungua. Ilikuwa ya Ketill. Na hiyo picha ilikuwa ndani." Alisukuma kikombe kando. "Wakati huo nilikuwa napiga picha za pasipoti, na hata hizo watu walizirudisha. Nikaandika jina langu, nikaituma. Nilijiambia itakosa. Vitu vyangu vyote vilikuwa vinakosa, kwa nini hii ipate?"

Hakuthubutu kumtazama binti yake. Alimtazama Ketill.

"Ni yako. Zawadi ni yako, jina ni lako. Niite unavyotaka."

Ketill alipaka siagi kwenye mkate. Alichukua muda wake.

"Mimi picha sina habari nayo," alisema. "Unajua kilichoniuma? Kamera uliirudisha kwa posta. Kwa posta, Úlfar. Ndani ya boksi, bila hata kikaratasi cha salamu. Ásdís aliligeuza lile boksi mara tatu akidhani barua imeanguka. Nikasema, huyu mtu nimemkosea nini? Miaka kumi na moja nilikuwa nafikiri nimekukosea mimi."

Úlfar alitaka kulia, akaona aibu kulia ndani ya suruali ile.

"Na jambo la pili," aliendelea Ketill. "Picha hiyo sikuipiga mimi."

"Ulipiga wewe. Ilikuwa kwenye kamera yako."

"Wewe nawe! Si umesema sasa hivi tulikuwa wote na kondoo? Mimi nilikuwa na mikono mitatu? Kamera niliiacha nyumbani, nikampa mtu aichezee asiogope."

Mbwa kipofu alihema chini ya meza.

Úlfar alianza kugeuka. Aligeuka polepole sana.

Dagný alikuwa bado amesimama pale ukutani, kisu cha siagi mkononi. Siku ile ya mlipuko alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Dirisha la darini," alisema. "Mama Ásdís alilifungua ili nione. Nilipiga moja tu, nikaogopa ile radi, nikalifunga."

"Moja," alisema Úlfar.

"Moja."

"Umenisikia nikisimulia..."

"Kila safari, baba."

"Na wewe unatoka nje kukagua matairi."

"Matairi yetu yako salama kuliko yote nchini." Alijaribu kucheka, sauti ikamkatika. "Ningekuambia vipi? Siku ilipokuja ile simu ya zawadi uliimba bafuni. Tangu mama aondoke ulikuwa hujaimba. Nikasema, basi, ibaki yake. Ni picha tu. Lakini ulipoanza kusema zile saa tatu, baba, mara nyingine saa nne, ukiwa na wageni kutoka mbali..."

"Saa nne nilisema mara moja tu."

"Mara mbili."

Alikwenda kwake. Hakujua mikono aiweke wapi, akaiweka mabegani mwa binti yake, akaiondoa, akairudisha. Mpiga picha mashuhuri kuliko wote kusini alikuwa amekaa miaka yote kando ya mpiga picha mwenyewe, akimfundisha mwanga. Wiki iliyopita tu alimwambia hana jicho.

"Nilikuambia huna jicho," alisema.

"Uliniambia."

"Nimwombe radhi nani kwanza? Nianzie wapi?"

"Anzia kuvaa suruali inayokutosha," alisema Ketill, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu walionusurika maji kule nje na jambo jingine hapa mezani.

Mtu mmoja hakucheka.

Benedikta aliweka kikombe chini. Akavuta begi lake la ngozi, ambalo hakuliacha hata malishoni, akalipandisha mezani.

"Siku tatu, Úlfar, unanifundisha kushika kamera," alisema. "Umenishika kiwiko. Umeniambia nisibane pumzi. Nimekuvumilia, kwa sababu sikuja kujifunza picha."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Mwaka ule wa zawadi, mwenyekiti wa waamuzi nilikuwa mimi."

Úlfar alikaa chini. Hapakuwa na kiti nyuma yake. Alikaa sakafuni.

"Siku mbili baada ya kutangaza jina lako, barua ilifika mezani kwangu. Magazeti yalikuwa yameshaandika, picha imeshapanda uwanja wa ndege. Niliisoma, nikaifungia kwenye droo. Nilijiambia ni utani wa mtoto. Mimi, niliyewafukuza shule watoto kwa kuibia majibu, nikaifungia kwenye droo." Sauti yake ya darasani ilikuwa imepungua. "Nimestaafu. Droo nimeitoa. Nikasema nije nimwone huyu mtu kwa macho yangu kabla sijaamua barua nimpe nani."

Alitoa bahasha. Ilikuwa ya rangi ya waridi, na kwenye kona palikuwa pamechorwa farasi.

"Nilidhani haikufika," Dagný alinong'ona.

"Ilifika."

"Niliiandika usiku mmoja tu wa hasira. Asubuhi nilijuta. Nilikwenda hadi posta kuiomba."

"Soma," alisema Úlfar kutoka sakafuni. "Leo nimeshavuliwa kila kitu. Soma tu."

Benedikta alivaa miwani.

"'Waamuzi wapendwa. Picha ya Grákolla niliipiga mimi, siyo baba yangu. Naomba msimpe zawadi. Lakini pia naomba msimwite mwizi, kwa sababu baba si mtu mbaya. Siku ile ya majivu alifanya jambo ambalo bwana Ketill halijui, nami nililiona kutoka dirisha la darini...'"

"Basi!"

Úlfar alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Uso ambao muda mfupi uliopita ulikuwa mwekundu kwa aibu sasa ulikuwa mweupe kama ukuta.

"Hilo usisome. Nipe karatasi."

"Baba," alisema Dagný, "nilikuwa nimesahau kwamba niliandika na hilo."

"Benedikta, nakuomba. Uitangaze picha kokote, uniandike mwizi kwenye gazeti. Hilo usisome."

Aliruka kuikamata. Mguu wa suruali fupi ulinasa kwenye kona ya meza, bakuli likapinduka, na karatasi ikaponyoka, ikaelea juu ya supu na mkate, ikashuka taratibu mbele ya Ketill.

Ketill aliiokota. Aliisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma kimya, midomo ikicheza. Alifika mwisho. Akarudi juu, akasoma tena mstari mmoja, ule wenye jina la mkewe.

Nje, mto ulikuwa ukivunja kitu kingine. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Alipoinua kichwa hakumtazama Úlfar wala Dagný. Alitazama kile kiti kitupu kando ya dirisha ambacho tangu walipoingia hakumruhusu mtu kukikalia.

"Kwa hiyo Ásdís alijua," alisema. "Alijua, akalala kando yangu miaka tisa, asiniambie."